Shingo ya Mhariri

Barua ilikuja Jumanne, na Vidole aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni mwa saluni, kitana cha mkia kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, mkono mmoja bado una mafuta. Mara ya pili aliisoma ameketi. Mara ya tatu alijifungia nayo chooni, maana huko tu ndiko mtu hawezi kukufuata akakuuliza unacheka na nani.

Tusidanganyane, haikuwa barua ya kukubaliwa. Lakini kabla ya mchapishaji huyu, Vidole alikuwa amejaribu wengine wanne. Wawili walimrudishia mswada wake na mstari mmoja wa shukrani. Wa tatu alimjibu kwamba hawachapishi mashairi, ilhali yeye alikuwa amewapelekea riwaya. Wa nne amenyamaza kama maji mtungini mpaka leo. Sasa huyu wa tano alikuwa ameandika kurasa mbili nzima. Mtu mzima, mwenye ofisi na kazi zake, alikuwa amekaa chini akawafikiria watu ambao Vidole aliwatunga, akawataja kana kwamba ni majirani zake.

Riwaya yenyewe ilihusu mama mmoja mjane mwenye nyumba, na mpangaji aliyehamia chumba chake cha nyuma akiwa na sanduku moja la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Vidole aliiandika kwa miaka minne, daftari baada ya daftari, katika nafasi zinazopatikana kati ya kichwa kimoja na kingine. Jina la Vidole walimpa wateja. Alikuwa na vidole vyembamba, vyepesi, na mteja alikuwa akiinuka kitini bila kichwa kumuuma, jambo ambalo wasusi wachache wanaweza kuliapia.

Mhariri, ambaye kwa mwandiko wake alionekana ni mwanamke asiye na muda wa kupoteza, alisema hivi: “Mwanzo wako ulinishika. Mwisho ulinitoa machozi. Lakini mahali fulani katikati, baina ya sura ya tano na ya kumi, nilijikuta nasoma kwa macho tu, akili iko sokoni. Siwezi kukwambia ni wapi hasa. Nilirudia mara mbili, nikasinzia mara mbili. Bodi yetu inakaa Alhamisi, wiki tatu kuanzia sasa. Ukiirekebisha, nitaipigania. Usipoirekebisha, nitalazimika kukurudishia, nayo haitapokelewa tena.”

Mtu mwingine angeliona neno “nikasinzia” likamvunja moyo. Vidole aliona “nitaipigania” peke yake, ikamwenda mwilini kama chai ya asubuhi.

“Shangazi,” alisema alipotoka chooni, “wanasema katikati imelegea.”

“Basi kaza,” alisema shangazi yake, bila kugeuka.

Saluni ilikuwa ya shangazi huyo, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa na kumfundisha kazi kwa kumpiga vidole kwa kitana. Kilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembe, beseni la kuoshea nywele, na ufagio ambao haukupumzika. Shangazi alikuwa na miaka thelathini ya kazi na hakuwahi kusuka mstari uliopinda. Hana dogo. Mteja akitikisa kichwa, shangazi alikishika kwa mikono miwili akakirudisha mahali pake kama anayeweka sawa sufuria jikoni. Kichwa chake mwenyewe alikisuka mwenyewe, mbele ya vioo viwili, kila Jumapili, kisha akakifunga kitambaa. Hakuna mkono mwingine uliowahi kukigusa, wala wa Vidole. Na riwaya ya Vidole hakuwahi kuisoma hata ukurasa. Alisema macho yake ni ya nywele tu.

Basi kazi ikaanza, na siku tatu za kwanza zilikuwa za bure. Vidole alizisoma sura zile sita kuanzia ya tano hadi ya kumi, akaona zote ni tamu. Akazisoma tena, akaona ni tamu zaidi. Hiyo ndiyo taabu ya mtu na maneno yake, ni sawa na mama kuulizwa ni mtoto wake yupi mwenye sura mbaya.

Jibu lilimjia Ijumaa, akiwa na kichwa cha muuza vitambaa mikononi. Muuza vitambaa alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa akisimulia ugomvi wa majirani zake. Kisha akaishiwa, akasema, “Na wewe nisimulie kitu bwana, nitasinzia hapa.” Vidole akaanza kumsimulia sura ya tano. Kidogo kidogo akahisi kitu ambacho mikono yake ilikijua siku zote, ila akili haikuwa imekitia maanani.

Msusi anajua mambo ya kichwa ambayo mwenye kichwa hayajui. Mtu akisikiliza kwa dhati, shingo inasimama yenyewe, na ngozi ya kichwa inakaza chini ya vidole. Akichoka, kichwa kinaongeza uzito. Kinaegemea mkono, kwanza kwa adabu, baadaye bila aibu. Muuza vitambaa aliposikia sanduku la bati likiburutwa sakafuni, shingo ikasimama wima. Vidole alipofika kwenye sura ya saba, kichwa kikamlalia kiganjani kama embe lililoiva.

Akaacha kusuka.

“Vipi?” aliuliza muuza vitambaa. “Mbona umenyamaza? Endelea, nasikiliza.”

Alikuwa hasikilizi, na Vidole alijua hivyo kuliko yeye. Furaha iliyompata hapo ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya barua. Mhariri alikuwa na macho mawili yaliyochoka, lakini yeye Vidole alikuwa na vichwa sita, saba, kumi kwa wiki, na kila kimoja kilimwambia ukweli bila kujua kwamba kinasema.

Jioni hiyo alitundika uzi mweusi kwenye msumari kando ya kioo, akaupiga mafundo, fundo moja kwa kila sura. Kopo la shanga za nywele lilikuwa hapohapo rafuni. Akaweka sheria: shingo ikisimama, shanga nyekundu; kichwa kikilala, shanga nyeupe. Wateja waliofuata hawakujua wametiwa kwenye mtihani. Alikuja karani wa mahakama, mwanamke aliyezoea kusikiliza uongo kazini, akasimuliwa sura sita. Akaja mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyesahihisha umri wa mjane katika sura ya sita kwa sababu miaka haikujumlishika, na Vidole akamshukuru. Wakaja mtu na mdogo wake, wakakaa viti viwili, mmoja kwa shangazi na mmoja kwa Vidole, wakabishana muda wote kuhusu nani mwenye haki, mjane au mpangaji.

“Siku hizi unasema sana,” shangazi alimwambia.

“Wateja wanapenda.”

“Wateja wanapenda kumaliza mapema waende zao.”

Ilipofika Alhamisi ya wiki ya tatu, uzi ulikuwa umesema. Shanga nyeupe zilijipanga zote mahali pamoja, sura ya saba na ya nane, kama meno. Zilikuwa kurasa arobaini na moja, utoto wote wa mpangaji: kijiji chake, babu yake, mvua aliyonyeshewa akiwa na miaka sita, na jinsi alivyolipata lile sanduku. Vidole alikuwa amezifanyia kazi miezi minane. Mvua peke yake ilichukua kurasa nne, na alikuwa akiamini kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuinyesha vile.

Alikaa na kurasa zile mapajani, akaumia. Nani asingeumia? Alijaribu kuzipunguza, akatoa babu, akarudisha babu. Akajiambia huenda wateja ni watu wachovu tu. Kisha akautazama uzi tena. Karani wa mahakama na mwalimu wa hesabu hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu hali ya hewa, lakini wote wawili walikuwa wamelala ukurasa uleule. Alipiga moyo konde, akazitoa zote arobaini na moja, akazifunga kwa kipande cha uzi na kuzitia chini ya kopo la mafuta. Mswada ukabaki na shimo katikati kubwa kama mlango, na siku saba mkononi.

Asubuhi ya Ijumaa akaja nesi.

Nesi huyu alifanya zamu za usiku hospitalini, na alikuwa akija saluni moja kwa moja kutoka kazini. Kabla ya mstari wa tatu huwa amelala fofofo, mdomo wazi, na shangazi alizoea kumwekea taulo begani kwa ajili ya mate. Vidole hakumtia kwenye hesabu kabisa. Kumpima nesi kwa hadithi ni kama kupima chumvi kwa mtu mwenye mafua. Siku hiyo alitaka mistari ya kurudi nyuma, myembamba, kwa sababu kesho yake alikuwa na safari ya kwenda kwenye mahafali ya mdogo wake. Shangazi alikuwa ametoka kununua nywele za kuongezea. Chumba kilikuwa kimya, nesi keshafumba macho, na Vidole akaanza kusema peke yake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafuta funguo gizani kwa kupapasa.

Alikuwa akilitafutia lile shimo kitu cha kulijaza. Utoto wa mpangaji haupo tena. Basi mjane hajui lolote kuhusu sanduku. Basi afanyeje? Anampelekea mpangaji chai. Anafika mlangoni na sinia, anasikia mpangaji anaongea ndani. Anaongea na nani, naye anaishi peke yake? Anategea sikio. Mpangaji analiamkia sanduku. Analiuliza kama limelala salama. Kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Mjane hagongi. Anasimama pale mpaka chai inapoa, anainywa mwenyewe palepale mlangoni, anarudi jikoni. Kesho yake anaipeleka tena chai, anasimama tena. Siku ya nne mpangaji analiuliza sanduku, “Umelala salama?” na mjane, ambaye miaka sita hakuna aliyemuuliza hivyo, anajikuta anajibu kwa kunong'ona nyuma ya mlango: “Nimelala salama.” Siku ya tano anajibu tena. Wiki ya pili wanaongea hivyo kila asubuhi, mmoja akiliuliza sanduku, mwingine akijibu kwa niaba yake kwa sauti isiyofika popote. Mpaka siku moja sinia linamtetemeka mkononi, kijiko kinagonga kikombe. Ndani nyayo zinasogea. Kisha mpangaji anasema, sasa akiwa karibu kabisa na mlango: “Umesema nini?”

“Eh,” alisema nesi. “Akajibuje?”

Vidole alitazama chini. Nesi alikuwa macho. Macho makavu kabisa, yamekikodolea kioo, na shingo imesimama kama mlingoti. Mtu aliyekesha na wagonjwa thelathini alikuwa macho saa tatu asubuhi kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai.

“Umesikia tangu wapi?”

“Tangu chai ya kwanza. Wewe endelea, usinikatishe.”

Akaendelea. Hakujua maneno yalikotoka. Alisema na kusuka, akasuka na kusema, vidole vyenyewe vikajiendea, moyo unamwenda mbio, na kila swali la nesi lilimfungulia jambo jipya. Saa tatu na zaidi zikapita wala hawakuzihisi. Ndipo shangazi alipoingia na mifuko yake, akaiweka chini, akasimama.

“Hiki,” alisema, “ni nini?”

Vidole na nesi walitazama kioo pamoja. Upande wa kushoto mistari ilirudi nyuma, myembamba, safi, kama ilivyoagizwa. Upande wa kulia ilipanda juu kuelekea utosini, vilevile safi. Katikati ya kichwa pande mbili zilipokutana zilikuwa zimepeana mgongo kama wake wenza. Nesi mwenyewe hakuwa ameona, ingawa kioo kilikuwa mbele yake muda wote.

“Lakini alijibuje yule mama?” aliuliza nesi.

Shangazi hakucheka. Walifumua pamoja upande wa kulia, wakasuka upya, nesi akaondoka saa kumi akiwa ameelemewa na usingizi lakini ana furaha. Mlango ulipofungwa, shangazi alisema bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya zaidi.

“Miaka thelathini sijawahi kumtoa mtu hapa na kichwa cha namna ile. Kuanzia leo hakuna hadithi ndani ya saluni hii. Ukitaka kuandika, andika. Ukishika kichwa, shika kichwa.”

“Sawa, shangazi.”

Vidole alijibu kwa heshima zote, na ndani yake alikuwa akipiga vigelegele. Amri ilikuwa imechelewa. Alikuwa na alichokitaka.

Siku tano alizotumia kuandika hazisimuliki. Aliandika asubuhi kabla ya kufungua na mchana badala ya kula. Aliandika nyuma ya kalenda daftari lilipojaa. Alitia shanga nyekundu mbili kwenye fundo la saba, moja ya nesi na moja ya mikono yake mwenyewe, maana alielewa kwamba mikono haijawahi kumpotea kwa jambo dogo. Akamlipa kijana mmoja wa duka la kompyuta ampigie chapa, na Jumatano mchana, siku moja kabla ya bodi kukaa, akapanda ngazi za ofisi ya mchapishaji na bahasha kifuani.

Mhariri alikuwa mwanamke wa umri wa kati, miwani imepanda kwenye paji la uso, meza imefukiwa na karatasi. Alimpa mkono, akaitazama bahasha, akashusha pumzi.

“Dada, nisamehe. Nilikuwa nimekutengea Alhamisi asubuhi nikusome kabla ya kikao. Wamekisogeza. Ni kesho saa mbili na nusu, na kuna miswada mitatu mbele yako ambayo sijaifungua. Sitaki kukuongopea. Siwezi kuipigania kazi ambayo sijui imerekebishwa vipi.”

Vidole aliibana bahasha kifuani. Miaka minne, wiki tatu, halafu sasa zimebaki saa chache tu. Lakini macho ya msusi hayapumziki hata msibani, na yake yalikuwa yameshaona kitambaa alichojifunga mhariri kichwani, na nywele zilizochungulia chini yake.

“Umefumua,” alisema.

Mhariri alijishika kichwa. “Jana. Nilikuwa na miadi leo saa nane, msusi wangu ameniangusha. Nitakwenda kwenye bodi na kitambaa, nifanyeje?”

“Mistari au rasta?”

“Mistari. Lakini kwa nini—”

“Mistari ni saa tatu na nusu, nne,” alisema Vidole. “Na kuanzia sura ya tano hadi ya kumi ni saa tatu na nusu nikisoma polepole. Njoo ukae kwetu. Utainuka umesukwa na umeshajua.”

Mhariri alikikaza kitambaa chake. Kisha akachukua mkoba wake, na hiyo miswada mitatu akaiacha palepale mezani. Labda mimi ningemlaumu, kama ningekuwa mmoja wa wenye miswada hiyo.

Njia nzima Vidole alikuwa akielea. Alipoushika tu mlango wa saluni ndipo alipokumbuka amri.

“Shikamoo, shangazi. Huyu ni mhariri.”

“Marahaba. Nani?”

“Aliyeandika ile barua.”

Shangazi aliuegemeza ufagio ukutani. Alimtazama mgeni toka juu hadi chini, akaishia kichwani, akaona hali ilivyo. Vidole alifungua mdomo kuomba, akakatwa.

“Nimesema hapa ukishika kichwa, unashika kichwa,” alisema shangazi. “Kaa hapa, mama. Mistari ya kurudi nyuma?” Akajifunga aproni, akanyoosha mkono achukue kitana kilichokuwa nyweleni mwa Vidole. “Kichwa nitashika mimi. Wewe soma.”

Hilo hakulitegemea. Vidole alikaa kwenye kiti cha pili na karatasi mapajani, na mara akagundua shida yake. Mikono ilikuwa mitupu. Kichwa alichokihitaji kuliko vyote maishani kilikuwa kwenye mikono ya mtu mwingine, na yeye hakuwa na njia ya kujua shingo inasema nini. Uso wa mhariri haukusaidia kitu. Ulikuwa uso wa kazi, umefungwa, macho yamefumbwa nusu. Akaanza kusoma.

Sura ya tano ikapita. Ya sita ikapita, na umri wa mjane sasa ulijumlishika. Alipofungua ya saba, vidole vyake vililoa jasho hadi karatasi ikashikamana. Alisoma sinia. Alisoma chai iliyopoa. Alisoma “umelala salama” ya kwanza, na hakuthubutu kuinua macho kumtazama mhariri, akaogopa kuona miwani imeteleza na kidevu kimeshuka. Akasoma ya pili. Mahali fulani hapo aliacha kuogopa, akamsahau mhariri, akasahau na bodi, akawa yuko nyuma ya mlango ule pamoja na mjane wake, sinia mkononi. Mteja mmoja aliingia kuulizia nafasi, shangazi akamwonyesha kidole mdomoni, naye mteja akasimama palepale kizingitini.

Kijiko kikagonga kikombe. Mpangaji akauliza alichouliza. Vidole akasoma hadi mwisho wa sura ya kumi, akaweka ukurasa wa mwisho juu ya mingine, na nje jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa barabara.

Aliinua macho kwenye kioo.

Upande wa kushoto wa kichwa cha mhariri mistari ilirudi nyuma. Upande wa kulia ilipanda juu, kuelekea utosini, imenyooka kama rula, mizuri, yote ya kwenda kusikotakiwa.

Shangazi alikuwa bado ameshika ncha ya mstari wa mwisho. Aliona walichoona wengine. Kitana kikamponyoka, kikaanguka sakafuni, na hakuinama kukiokota.

“Miaka thelathini,” alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. “Mama, nisamehe. Sijui nimefanya nini. Nitakifumua sasa hivi.”

Mhariri alijisogeza mbele kuelekea kioo. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Kisha akavua miwani akaifuta machozi, na alipoivaa tena akautazama uso wa shangazi kwenye kioo badala ya kichwa chake.

“Ulianzia wapi kupotea?” aliuliza.

“Aliposema amelala salama,” alisema shangazi. “Yule mama.”

“Usifumue.”

“Kesho una kikao.”

“Ndiyo. Wataniuliza kichwa changu kimepatwa na nini,” alisema mhariri, akasimama na kukung'uta nywele begani, “na mimi nitawaambia.”

Alichukua bahasha, akaondoka nayo hivyohivyo barabarani, watu wanageuka kumtazama.

Simu iliita kesho yake saa nne kasoro. Vidole aliipokea kwa mikono miwili. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema asante, akarudia asante mara ambazo hazina idadi, na simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni.

“Wamekubali,” alisema. “Mkataba niende kusaini Jumatatu. Kitabu kitatoka mwakani.”

Alilia, naye hakujificha chooni safari hii. Alilia katikati ya chumba, akicheka, kamasi zinamtoka, na shangazi alimshika mabega akamtikisa kama anayekung'uta mkeka, kisha akamkumbatia kwa nguvu hadi akakosa pumzi. Halafu shangazi akaenda kuufunga mlango wa saluni kwa komeo. Mchana kweupe, siku ya kazi, jambo ambalo Vidole hakuwahi kuliona.

Shangazi alirudi, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, akafungua kitambaa chake kichwani. Nywele chini yake zilikuwa na mvi nyingi kuliko Vidole alivyodhani, na mistari ya Jumapili ilikuwa imeanza kulegea. Akampokeza kitana kwa nyuma bila kugeuka.

“Fumua, unisuke,” alisema. “Na uanzie mwanzo. Mimi niliingia sura ya tano.”